Watu ni Akina Nani? Fikra za Zama za Mwangaza na Mapinduzi Yaliyofuata

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa walimu wa historia na wanafunzi wa sekondari. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Mada mliyonipa ni fikra za Zama za Mwangaza kuhusu serikali, yaani fikra za wasomi wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18 waliotaka mamlaka ya kale yapimwe kwa akili, pamoja na mapinduzi yaliyochochewa na fikra hizo. Sitawasomea orodha ya wanafalsafa na vitabu vyao, kwa sababu orodha hiyo mnayo tayari kwenye madaftari yenu. Naomba tufuatane na swali moja tu, tulibebe kutoka London hadi Philadelphia, kutoka Paris hadi Haiti, na hatimaye tulifikishe katika pwani yetu wenyewe. Swali lenyewe ni hili: walipoandika kwamba mamlaka hutoka kwa watu, watu hao walikuwa akina nani?

Tuanze na hoja waliyokuwa wakiipinga, maana asiyeijua hawezi kuelewa ukali wa majibu yao. Mwaka 1680 kilichapishwa kitabu cha Mwingereza aliyeitwa Robert Filmer, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha fariki miaka mingi. Filmer alidai kwamba Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya watoto wake, na kwamba wafalme waliyarithi mamlaka hayo kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo mfalme ni baba, raia ni watoto, na mtoto hamhoji baba yake. Msicheke, ndugu zangu. Hoja kwamba mtawala ni baba na kwamba kumhoji ni utovu wa adabu haikuzikwa pamoja na Filmer, na wengi wetu tumeisikia kwa masikio yetu.

Aliyemjibu ni John Locke, katika kitabu alichokitoa mwaka 1689 bila kuandika jina lake, muda mfupi baada ya Mfalme James II kuikimbia Uingereza. Angalieni jinsi alivyoanza. Filmer alikuwa ameitegemea amri ya Mungu ya kuwaheshimu wazazi, lakini alinukuu sehemu inayomtaja baba na kuishia hapo. Locke akauliza: na mama yuko wapi? Amri inawataja baba na mama pamoja. Basi kama heshima ya mzazi ndiyo msingi wa ufalme, mama naye ana fungu lake katika kiti cha enzi. Tena, akasema Locke, mtoto hukua, na akishakuwa mtu mzima mwenye akili timamu, mamlaka ya mzazi juu yake hukoma. Watu wazima walio huru hukubaliana kuwa na serikali ili ilinde maisha yao, uhuru wao na mali zao, na mtawala akigeuka kuwa mnyang'anyi wa vitu hivyo, wana haki ya kumwondoa.

Ni hoja nzuri, na mimi bado naiona nzuri hadi leo. Lakini Locke huyo huyo alikuwa amenunua hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyokuwa ikisafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Na mwaka 1669, akiwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina huko Amerika Kaskazini, alihusika katika kuandaa katiba yake, ambayo ilimpa kila mtu huru wa Carolina mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Mtu aliyeandika kwamba hakuna binadamu aliyezaliwa chini ya mamlaka ya mwenzake alikuwa ameweka fedha zake katika biashara ya binadamu waliofungwa minyororo. Watu ni akina nani? Tayari swali linaanza kuuma.

Kuhusu wengine wawili nitapita haraka. Montesquieu, aliyekuwa jaji mjini Bordeaux, aliishi Uingereza kwa muda kisha mwaka 1748 akaeleza kwamba anayetunga sheria, anayezitekeleza na anayehukumu kwa sheria hizo wasiwe mtu mmoja wala chombo kimoja, kwa sababu madaraka huzuiwa na madaraka mengine, hayajizuii yenyewe. Pengine aliona katika Uingereza mgawanyo mkubwa kuliko uliokuwepo kwa kweli, lakini kosa lake lilikuwa la manufaa. Rousseau, mtoto wa fundi saa wa Geneva, mwaka 1762 alikwenda mbali zaidi: mamlaka kuu ni ya watu wote kwa pamoja, hayauzwi wala hayakabidhiwi mfalme. Geneva yenyewe iliamuru kitabu chake kichomwe moto. Shikeni tofauti ya hawa wawili, kwa sababu itatusaidia tukifika Paris: mmoja alijali jinsi ya kuyafunga breki madaraka, mwingine alijali nani mwenye madaraka.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, lakini tusianzie Philadelphia, mji ambamo uhuru wa nchi hiyo ulitangazwa. Tuanzie katika nyumba moja ya mbao kwenye mji mdogo wa Sheffield, Massachusetts, mwezi Januari 1773. Mwenye nyumba, Kanali John Ashley, alikuwa amekutana na wazee wa mji kuandika malalamiko yao dhidi ya serikali ya Uingereza. Waliandika kwamba binadamu kwa asili yao ni sawa, ni huru na wanajitegemea. Katika nyumba ile ile alikuwa akitumika mwanamke mtumwa aliyeitwa Bett. Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini aliyewahi kuhudumia wageni anajua kwamba mabwana wakishazoea huduma yako, huongea mbele yako kana kwamba hupo.

Miaka ikapita. Marekani ikatangaza uhuru, na mwaka 1780 Massachusetts ikapata katiba iliyosema kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Inasimuliwa kwamba siku moja mke wa kanali, kwa hasira, aliinua koleo la jikoni lililokuwa la moto ili ampige ndugu wa Bett. Bett akaweka mkono wake katikati. Pigo likampata yeye, na kovu likabaki kwenye mkono huo maisha yake yote. Akaondoka, akaenda kwa wakili Theodore Sedgwick, ambaye kwa ajabu ya historia alikuwa mmoja wa waliokaa katika nyumba ya Ashley kuandika maneno yale ya mwaka 1773. Alichomtaka wakili kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukijibu: kama sheria inasema kila mtu amezaliwa huru, je, mimi si mtu?

Mwezi Agosti 1781, mahakama ya Great Barrington iliamua kwamba Bett, pamoja na mwanamume aliyeitwa Brom aliyeshtaki naye, hawakuwa watumwa. Ashley aliamriwa kuwalipa shilingi 30 za fidia. Bett akachukua jina la Elizabeth Freeman. Kesi hiyo, na nyingine zilizofuata hadi mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1783, zilivunja msingi wa utumwa Massachusetts, na sensa ya mwaka 1790 haikuhesabu mtumwa hata mmoja katika jimbo lile. Mabwana waliiandika sentensi. Mjakazi wao ndiye aliyeichukua kama ilivyo.

Mabibi na mabwana, linganisheni ujasiri huo na kilichotokea katika kumbi kubwa. Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu ya tangazo la uhuru la mwaka 1776, aliweka humo aya iliyomlaumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Wajumbe wakaifuta. Jefferson mwenyewe, katika maisha yake, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Mwaka 1787 wajumbe wakakutana tena Philadelphia kuandika katiba, na hapo Montesquieu alisomwa kwa makini sana: Bunge mahali pake, rais mahali pake, mahakama mahali pake, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la mashaka. Lakini ilipofika suala la kuhesabu watu ili kugawana viti vya Bunge, majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe, ilhali hayakutaka wapige kura. Wakaafikiana kwamba mtumwa ahesabiwe kuwa tatu ya tano ya mtu. Wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo. Na mle ukumbini hakuwapo mtumwa, hakuwapo mwanamke, hakuwapo mwenyeji yeyote wa asili wa ardhi ile. Abigail Adams alikuwa amemwandikia mumewe John, mmoja wa wajumbe wa mwaka 1776, tangu Machi mwaka huo akimwomba awakumbuke wanawake watakapotunga sheria mpya. Mumewe alimjibu kwa mzaha.

Twende Ufaransa. Mnayafahamu matukio ya mwaka 1789: baraza la matabaka matatu kuitishwa Versailles mwezi Mei, wawakilishi wa raia wa kawaida kujitangaza kuwa Bunge la Taifa mwezi Juni, gereza la Bastille kutekwa tarehe 14 Julai likiwa na wafungwa 7 tu ndani yake. Ufunguo wa Bastille, kwa njia, ulitumwa na Lafayette, jenerali Mfaransa, kwa George Washington kama zawadi, na hadi leo umetundikwa katika nyumba yake ya Mount Vernon, nyumba iliyojengwa na kutunzwa na watumwa. Kisha tarehe 26 Agosti likapitishwa Azimio la Haki za Binadamu na za Raia. Ibara yake ya kwanza ilisema watu huzaliwa na kubaki huru na sawa katika haki. Mkisoma ibara ya 12 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, inayosema kwamba binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa, mnasoma sentensi iliyosafiri kutoka Paris ya mwaka 1789, ikapitia azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, ikafika kwetu.

Lakini mimi nataka tusimame kidogo kwenye ibara ya 16 ya Azimio lile la Ufaransa, ambayo hainukuliwi sana. Inasema kwamba jamii ambayo haki hazina ulinzi wa uhakika, wala madaraka hayajagawanywa, haina katiba. Waliandika hivyo wenyewe. Na miaka minne baadaye wakafanya kinyume chake. Mwaka 1793, nchi ikiwa vitani na majirani zake na waasi wakiwa ndani, Bunge lililokuwa likitunga sheria liliweka utawala wa nchi mikononi mwa kamati ya wajumbe wake wenyewe, na kamati hiyo ikaitawala pia mahakama maalumu ya mapinduzi. Mwezi Septemba ikatoka sheria iliyoruhusu kukamatwa kwa yeyote anayeshukiwa kuwa adui wa uhuru kutokana na mwenendo wake, maneno yake au watu anaoandamana nao. Nani asingeshukiwa? Mwezi Juni 1794 ikatoka sheria mbaya zaidi: mshtakiwa asiwe na wakili, mashahidi wasiwe wa lazima, na hukumu ziwe mbili tu, kuachiwa au kufa. Watu wapatao 17,000 walihukumiwa kifo na mahakama na kuuawa katika kipindi hicho. Wote waliuawa kwa jina la watu.

Miongoni mwao alikuwamo Olympe de Gouges, mwanamke aliyeandika mwaka 1791 tamko la haki za mwanamke akisema kwamba ikiwa mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongwa, basi anayo pia haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Haki ya kwanza alipewa tarehe 3 Novemba 1793. Ya pili wanawake wa Ufaransa waliisubiri hadi mwaka 1944 ndipo wapewe hata kura.

Walimu wenzangu, wanafunzi wetu hupenda kuandika kwamba Mapinduzi ya Ufaransa yalishindwa kwa sababu ya ukatili wa Robespierre. Nawaomba msiwape alama zote kwa jibu hilo. Robespierre, aliyekuwa sauti kuu katika kamati ile, alikuwa wakili wa mji mdogo wa Arras ambaye mwanzoni alipinga hata adhabu ya kifo. Kilichowaua watu ni kwamba kila breki ilikuwa imeng'olewa, tena kwa hoja tamu kuliko zote: kwamba madaraka yakiwa ya watu, hakuna haja ya kuyazuia, kwani watu hawawezi kujidhulumu wenyewe. Julai 1794, zamu yake ya kuuawa ilipofika, breki hizo hazikuwapo kumwokoa hata Robespierre mwenyewe. Rousseau alikuwa amewapa mwenye madaraka. Montesquieu wakawa wamemwacha mlangoni.

Sasa tufike kwenye mapinduzi ambayo vitabu vingi huyapa aya moja, au havitaji kabisa. Saint-Domingue, katika Bahari ya Karibi, ambayo leo ni Haiti, ilikuwa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa. Zaidi ya nusu ya kahawa ya dunia ilitoka huko, pamoja na sukari nyingi iliyoliwa Ulaya. Mwaka 1789 palikuwa na watumwa karibu 500,000, wazungu wapatao 30,000, na idadi inayokaribiana na hiyo ya machotara na weusi walio huru. Wengi wa watumwa walikuwa wamezaliwa Afrika, hasa Kongo, kwa sababu kazi ya miwa iliwaua haraka na ilikuwa nafuu kwa bwana kununua mwingine kuliko kumtunza aliyepo.

Azimio la Haki za Binadamu lilipotoka, wenye mashamba walielewa hatari yake kuliko waandishi wake. Walikuwa na klabu yao Paris iliyofanya kila jitihada ili maneno yale yasivuke bahari. Yakavuka. Kwanza yalidaiwa na Vincent Ogé, chotara tajiri, aliyetaka haki kwa watu huru wenye rangi kama yake, wala hakuwaombea watumwa. Hata hilo dogo lilimgharimu uhai: Februari 1791 alivunjwa mifupa kwenye gurudumu, hadharani, mjini Le Cap. Miezi sita baadaye, usiku wa tarehe 22 Agosti, watumwa wa uwanda wa kaskazini waliinuka na kuyachoma mashamba ya miwa.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Mtu aliyefungwa minyororo hahitaji kumsoma Rousseau ili ajue kwamba anataka kufunguliwa, na waasi wale walikuwa na imani zao, viongozi wao na kumbukumbu za vita na falme za Afrika. Kile ambacho fikra za Paris ziliwapa ni maneno ambayo Ufaransa isingeweza kuyakataa bila kujikana yenyewe. Na hilo ndilo lililotokea. Mwezi Agosti 1793 Sonthonax, kamishna wa Ufaransa katika koloni lile, akiwa amezidiwa na vita, alitangaza uhuru upande wa kaskazini. Mwezi Februari 1794 wakaingia katika Bunge la Paris wajumbe watatu kutoka koloni lile: mweupe mmoja, chotara mmoja, na Jean-Baptiste Belley, mzaliwa wa Senegal, aliyevushwa bahari kama mtumwa akiwa mtoto na baadaye kujinunulia uhuru wake. Tarehe 4 Februari Bunge likafuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Fikirini: sheria ile haikutolewa na wanafalsafa. Ililetwa na watu walioinuka mashambani, na Bunge likaandika kile ambacho tayari kilikuwa kimekwisha kufanyika.

Napoleon, aliyekuwa sasa mtawala wa Ufaransa, alipotaka kurudisha mambo ya kale, alipeleka jeshi kubwa chini ya shemeji yake, Leclerc. Mwezi Machi 1802 wanajeshi hao waliizingira ngome ya Crête-à-Pierrot. Afisa mmoja wa Kifaransa aliyekuwapo aliandika baadaye kwamba usiku waliwasikia weusi waliozingirwa wakiimba nyimbo za Mapinduzi ya Ufaransa, zile zile walizoimba wao wakati wa kuilinda jamhuri. Askari wakatazamana. Wakawa wanajiuliza kama haki haikuwa ndani ya ngome ile, na kama wao hawakugeuzwa kuwa vyombo vya siasa. Toussaint Louverture, kiongozi mkuu wa weusi wale, alikamatwa mwaka huo na kufia gerezani katika milima ya Jura, Aprili 1803, lakini jeshi la Ufaransa lilishindwa kabisa Novemba ya mwaka huo wa 1803, na tarehe 1 Januari 1804 Dessalines, aliyekuwa jenerali wa Toussaint, akatangaza uhuru wa Haiti.

Je, Haiti ilipata serikali inayotokana na ridhaa ya watu? Hapana, na hatuna sababu ya kuficha. Toussaint alikuwa amejipa ugavana wa maisha na kuwalazimisha walioachiwa huru warudi mashambani. Dessalines aliamuru mauaji ya Wafaransa waliobaki, akajifanya mfalme mkuu, na mwaka 1806 akauawa na watu wake mwenyewe. Breki zilikosekana huko pia. Lakini dunia iliyojiita huru haikuwapa hata nafasi ya kujaribu. Marekani, nchi ya tangazo la mwaka 1776, ilikataa kuitambua Haiti hadi mwaka 1862. Ufaransa, mwaka 1825, ilituma manowari zake na kuidai faranga milioni 150 ili iwafidie waliokuwa wamiliki wa mashamba na watumwa. Naam, aliyeachiwa huru alitakiwa amlipe aliyemfunga.

Na pwani yetu? Nilisema tutafika. Tarehe 14 Septemba 1776, wiki kumi baada ya tangazo la Philadelphia, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alifanya mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice. Alimwahidi watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kila mmoja, na kwa kila kichwa Morice angempa sultani zawadi ya piasta 2. Mkataba uliandikwa kwamba utadumu miaka 100. Watumwa hao walitakiwa na mashamba ya Île de France, kisiwa tunachokiita leo Mauritius. Msiniambie kwamba Mfaransa peke yake ndiye wa kuulizwa. Sahihi kwenye karatasi ile ni mbili.

Sasa, sheria ya Februari 1794 ilikihusu kisiwa kile pia. Ilikuwa sheria halali ya nchi, iliyopitishwa na Bunge. Mwezi Juni 1796 makamishna wawili, Baco na Burnel, walitia nanga Port Louis wakiwa na askari, wametumwa kuitekeleza. Wenye mashamba waliwazingira, na ndani ya siku chache wakawapandisha melini na kuwafukuza. Utumwa ukaendelea kana kwamba hakuna lililoandikwa Paris. Saint-Domingue palikuwa na jeshi la watu walioamua kuwa huru. Île de France hapakuwa na jeshi kama hilo, na karatasi peke yake haikushuka melini. Mei 1802 Napoleon akaimaliza hata hiyo karatasi, kwa sheria iliyotamka wazi kwamba utumwa utabaki katika makoloni yaliyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, yaani upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Waingereza walikiteka kisiwa hicho mwaka 1810. Utumwa ulifutwa huko tarehe 1 Februari 1835, miaka 41 baada ya kura ile ya Paris, na hata hapo waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale kwa miaka kadhaa. Katika makoloni yake yote Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zilikwenda kwa wamiliki.

Ndugu Mwenyekiti, sehemu yangu imeishia hapo, na naona mikono imekwisha kuinuliwa huko nyuma. Kwa idhini yako, naomba wanafunzi waulize kwanza, walimu tufuate. Ahsanteni kwa kunisikiliza.